Mstari wa Miraa Uliokatwa kwa Ajili ya Baiskeli

Siku ile barabara yetu ilipomalizika kuwekwa lami tulichinja mbuzi wawili, na mmoja alikuwa wangu. Nasema hivyo ili mtu asidhani mimi ni mzee wa kuchukia maendeleo. Nilitoa mbuzi, beberu mweusi ambaye alikuwa amekataa kununuliwa sokoni Kianjai mara tatu kwa sababu ya macho yake mabaya. Tulimla pale pale kando ya lami, mafuta midomoni, wanawake wakipiga vigelegele, na mheshimiwa mmoja akasimama juu ya gari akasema sasa miraa yetu itafika Nairobi kabla haijajua imekatwa. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Hakuna mtu hata mmoja katika ule umati aliyeuliza, na sisi wenyewe tutapita wapi?

Kabla ya hapo ilikuwa barabara ya udongo mwekundu na mashimo. Yale mashimo tuliyatukana sana, na hatukujua kwamba yalikuwa askari wetu. Gari ikifika kwenye shimo lazima iinamishe kichwa kama mtu anayeingia kanisani. Mama aliyebeba mzigo wa nyasi anavuka, mbuzi wanavuka, mlevi anavuka na hadithi yake yote. Lami ilipokuja askari wote walifukuzwa siku moja. Na kando ya ile lami hawakuacha hata mahali pa kuweka unyayo. Lami inaisha kama meza inavyoisha, unashuka kiganja kizima mpaka kwa changarawe, halafu mtaro, halafu ua wa mtu. Mtu aliyechora ile barabara hakuwahi kutembea kwa miguu maishani mwake. Kama amewahi, basi ana roho mbaya.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo hayo mambo ya kuchora siyajui. Niliacha kwa sababu mwalimu alinichapa kwa kosa la ndugu yangu, nikaruka dirisha na sikurudi. Lakini hiyo ni hadithi nyingine. Ninayotaka kueleza ni baiskeli ya mke wangu.

Mke wangu si wa hapa. Nilimtoa Manyatta, kule Embu, wakati nilikuwa kibarua wa kuchanganya saruji kwenye jengo la kiwanda cha kahawa. Baba yake alikuwa mwalimu wa katekisimu na alikuwa na baiskeli ya kumpeleka kwa wagonjwa, na huyu msichana alijifunza kuiendesha angali mdogo, mguu mmoja ukipita chini ya ile paipu ya katikati kwa sababu hakuweza kuufikisha juu. Siku ya kwanza nilipomwona alikuwa anashuka mteremko bila kushika breki, na kahawa kwenye keria, akiniambia nitoke njiani. Nilitoka. Nimekuwa nikimpisha tangu siku hiyo, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo inayoniuma.

Nilipomleta huku kwetu hakukuwa na mwanamke aliyepanda baiskeli. Mama yangu alisema tumbo la uzazi litatikisika liharibike. Mke wangu akanizalia watoto sita, kwa hivyo mama yangu alikosea, Mungu amlaze pema. Watoto walipokua kidogo, aliuza ndama akanunua baiskeli nyeusi, ile nzito ya chuma ambayo ukiiangusha ni ardhi inayoumia. Alikuwa anafunga mikebe miwili ya maziwa kwa keria kwa mpira wa tairi kuukuu, anakunja sketi, anaenda kituo cha maziwa asubuhi na tena saa tisa mchana. Ni mwendo wa kilomita nne hivi. Vijana waliokaa kwa duka walikuwa wanampigia kelele.

"Mama, funga sketi, upepo unaona!"

"Funga mdomo kwanza wewe," anawajibu bila kupunguza, "sketi itafuata."

Hayo maziwa ndiyo yalisomesha watoto. Miraa yangu pia ilisaidia, sikatai. Lakini pesa ya miraa ilikuwa inapitia kwangu, na pesa iliyopitia kwangu siku hizo ilikuwa inachoka njiani. Maziwa yalikuwa yake. Kwenda mwenyewe, kurudi mwenyewe, kusalimiana na watu njiani, hiyo pia ilikuwa yake.

Sasa kwa mtu asiyejua miraa, naeleza kidogo. Miraa inakatwa asubuhi, inachaguliwa, inafungwa vifurushi, inavikwa majani ya mgomba ili isinyauke. Ikilala siku mbili imekuwa kuni. Kwa hivyo pikapu inakuja kuchukua saa nane mchana, na kutoka hapo ni kukimbia tu, taa zimewashwa jua likiwaka, honi haiachwi, mpaka Nairobi. Wale madereva tunawaita marubani. Dereva akichelewa, kesho anaitwa mwingine. Na ni nani anayemwita mwingine? Ni sisi. Mimi mwenyewe nimesimama kwa ile pikapu mara nyingi, nikapiga bodi kofi, nikamwambia dereva, "Kanyaga, kijana! Jana mlinifikishia majani ya mbuzi!" Naandika bila kujificha.

Baada ya lami mke wangu alianza kurudi nyumbani akiwa amenyamaza. Yeye si mtu wa kunyamaza. Siku moja akaniambia, "Baba watoto, zile gari hazinigusi, lakini upepo wake unanisukuma kama mkono." Alikuwa anaendesha kwa ukingo wa lami, na gurudumu likishuka ule ukingo halipandi tena, linalala. Nikamwambia ashuke asukume wakati gari zinapita. Akanitazama. "Zinapita saa zote," akasema.

Aliuliza maneno hayo kwa baraza ya chifu. Kulikuwa na injinia wa barabara amekuja na kofia ya plastiki, na sijui kofia ilikuwa ya kumkinga na nini, maana tulikuwa tumekaa chini ya hema. Mke wangu alisimama, akaomba vitu viwili. Wawekewe matuta mahali watu wanakaa karibu-karibu, na wapewe ukanda mdogo kando ya lami wa baiskeli na miguu.

"Mama," injinia akasema, "matuta ni ya mahali pa shule na soko. Hapo penu ni mashamba."

"Hapo petu kuna nyumba arobaini."

"Katika ramani ni mashamba."

"Basi njoo ulale kwa ramani, sisi tutakuamkia huko."

Watu walicheka, chifu akapiga meza, injinia akasema kuna fomu. Fomu ilijazwa na binti yetu aliyesoma. Ilienda. Mpaka leo bado inaenda.

Wanawake hawakungoja. Ilikuwa Jumatano. Walikuja kama ishirini na karai na majembe, wakabeba mawe na udongo wa kichuguu, ule unaoshikana kama saruji, wakatengeneza tuta mbele ya lango letu, lingine karibu na kanisa. Waliyapiga na miti mpaka yakawa magumu, wakiimba. Nilikuwa nimekaa kwa kiti changu nikiwatazama, na nakiri nilijivuna kidogo kwa sababu mke wangu ndiye aliyekuwa anapanga kazi.

Saa nane pikapu zikafika. Ya kwanza ilipanda tuta na kurusha vifurushi viwili chini. Ya pili ilifunga breki, ikageuka upande. Zikasimama zote sita kwa mstari, marubani wakashuka, wakatuita sisi wenye miraa. Walisema kwa upole, na huo upole ndio ulikuwa mbaya. "Wazee, sisi hatugombani na mtu. Kama barabara hii ina milima, tutachukua miraa ya upande ule mwingine." Majani ya mgomba yalikuwa yanakauka tukiyatazama.

Tulichukua majembe. Hakuna aliyetulazimisha. Wanaume kumi na mmoja, na mimi nikiwa wa tatu au wa nne, tulibomoa yale matuta kwa muda mfupi kuliko kunywa chai. Mke wangu alisimama langoni na udongo bado mikononi. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Chimba vizuri, baba watoto, usiache hata jiwe." Nilichimba vizuri.

Zikapita siku tisa. Siku ya kumi, saa tisa mchana, alikuwa anaenda na maziwa. Pikapu ilikuwa inapita nyingine, zote mbili zikajaza barabara. Walioona wanasema hakuguswa na bodi. Alitoka lami kwa kuogopa, gurudumu likashuka ukingo, akaanguka mtaroni na baiskeli juu yake, na mkebe mmoja ukampiga mguu ukauvunja mahali pawili chini ya goti. Maziwa yalikwenda mtaroni. Pikapu haikusimama. Niliambiwa ni ile ya rangi ya buluu. Ile ya buluu ilikuwa imetoka kwangu dakika chache tu kabla. Ilikuwa imebeba miraa yangu. Kofi langu bado lilikuwa la moto kwa bodi yake.

Wacha watu waseme ni bahati mbaya. Chifu alisema ni bahati mbaya, mchungaji naye akasema ni mapenzi ya Mungu, na dereva aliporudi kesho yake akasema hakuona kitu. Nilimshika shati. Akaniambia, "Mzee, si wewe ulisema nikanyage?" Nikamwachia.

Mke wangu alikaa hospitali majuma matano. Walimwekea chuma. Alipotoka alimuuliza daktari jambo moja tu, ataendesha lini, na daktari akasema mguu utapona, mama, lakini si kwa barabara ile. Kutoka nyumbani hakuweza hata kufika kituo cha maziwa kwa miguu, na maziwa yakawa yanapelekwa na kijana wa pikipiki aliyekuwa anakunywa robo na kujaza maji. Jioni moja, tukiwa jikoni, akasema akiwa anachambua maharagwe, "Nitarudi Embu."

"Kutembea?"

"Kukaa. Kwa ndugu yangu kule Manyatta. Siwezi kukaa mahali ambapo barabara imenifungia mlango wa nyumba yangu. Sikuja Meru kufungwa."

Nilidhani ni uchungu wa mguu. Asubuhi nikakuta ametoa sanduku lake chini ya kitanda na kulipangusa.

Sasa hapa lazima nieleze jambo letu moja, maana bila hilo hadithi haisimami. Sisi Wameru tuna watu tunaowaita gichiaro. Si ndugu wa tumbo moja, si shemeji. Ni watu wa ukoo wa mbali ambao babu zetu na babu zao walikula kiapo pamoja kwa damu zamani sana, na tangu hapo gichiaro akikuomba kitu huwezi kukataa. Akisema leta, unaleta. Akisema acha, unaacha hata kama mkono uko hewani. Ukimkatalia akaondoka na uchungu, ng'ombe wanatupa mimba, nyumba inaingiwa na magonjwa. Mimi nimebatizwa na ninatoa sadaka. Lakini sijawahi kumjaribu gichiaro, na mchungaji wetu, ambaye anahubiri juu ya mila kila mwaka, hajawahi pia.

Mwanamke wa Embu hana haja na mambo hayo. Lakini alikuwa amekaa nasi zaidi ya miaka thelathini, amepika uji wa kutosha wa magichiaro kujua tunaogopa nini.

Wiki ile ile akaja mzee mmoja gichiaro wangu kutoka upande wa juu. Nilidhani amekuja kumwona mgonjwa. Alikuwa amezeeka sana, amefika kwa pikipiki akiwa amemkumbatia dereva kama mtoto. Nikampa kiti changu, nikachinja jogoo, nikamwekea uji, nikatoa miraa ya mti wa zamani, ile laini nyekundu ambayo hata mimi sijipi. Alikula kila kitu. Mke wangu alikuwa amekaa karibu na mlango, mguu ameunyoosha kwa kigoda, anafuma. Sikugundua kwamba amevaa kitambaa cha kanisani.

"Gichiaro," mzee akasema, "nimeshiba. Nina neno dogo."

"Sema, gichiaro wangu. Ni lako."

"Ule mstari wa kwanza wa miraa, ule unaoshika barabara. Ukate."

Nilifikiri hakusikia vizuri alichosema yeye mwenyewe. Ule mstari ulikuwa miti ishirini na mitatu. Aliipanda baba ya baba yangu. Miti ya namna hiyo tunaiita mbaine, shina lake ni nene kama paja la mtu na limekunjamana, na miraa yake inaitishwa kwa jina. Baba yangu alipokuwa anakufa alinionyesha mashamba yote kwa kidole, lakini ule mstari alinionyesha kwa mkono mzima.

"Mstari wote?" nikauliza.

"Wote. Ua urudi nyuma hatua nne. Mama apate mahali pa baiskeli."

"Nikate nusu basi, gichiaro. Mmoja niuache, mmoja niukate."

"Gurudumu litapita wapi, juu ya mti?"

"Gichiaro wangu, hii ni chakula."

"Na yeye ni nini?" akaonyesha mke wangu kwa fimbo. "Ni mboga?"

Niligeuka nikamtazama mke wangu. Alikuwa anahesabu nyuzi. Hakuinua macho hata kidogo, na hapo nikajua nauli ya ile pikipiki ililipwa na nani. Nilikasirika mpaka masikio yakalia. Nilitaka kusema mengi, kwamba hiyo ni hila, kwamba yeye si wa huku na hana haki ya kuinua mila isiyo yake kunipiga nayo. Lakini maneno hayo yote ningeyasema mbele ya gichiaro, na mtu hasemi hivyo mbele ya gichiaro. Nikasema, "Nimesikia."

Nilikata kwa siku tatu. Sikutaka kibarua. Kila mti nilioangusha nilimtukana injinia kwa sauti, yeye na kofia yake, halafu nikamtukana dereva, halafu yule mheshimiwa wa juu ya gari, na nilipochoka kutafuta watu nikajikuta mwenyewe. Watu walisimama barabarani kunitazama kama wanaotazama mtu akiuza nyumba yake kwa pombe. Jirani yangu wa upande wa chini, ambaye tuko ukoo mmoja, aliita kutoka ndani ya ua wake:

"Mzee, unatayarishia bibi uwanja wa ndege?"

"Cheka. Gichiaro wako pia ni huyo huyo."

Kicheko chake kilikatika pale pale.

Mashina sikuyang'oa. Niliyaacha urefu wa goti, kwa sababu miraa ikikatwa inachipuka, na nilikuwa na mpango wangu kimoyomoyo. Gichiaro alisema kata. Hakusema ng'oa. Kati ya mashina na ua mpya kukabaki ukanda wa hatua mbili, wa udongo mzuri tulioukanyaga. Mke wangu aliutazama akiwa na magongo yake, akasema, "Umeacha vigogo."

"Vitakukinga na gari."

Nilisema hivyo kujitetea tu. Lakini ikawa kweli! Pikapu zilipokuwa zikipitana zilikuwa zinatoka mpaka kwenye changarawe, na sasa marubani wakiona ule mstari wa vigogo ishirini na vitatu wanarudi ndani ya lami na kupunguza. Vijana wa pikipiki walijaribu kugeuza ukanda wetu njia ya mkato, na mmoja akaacha taa yake na nusu ya bampa kwa kigogo cha saba. Alikuja kwangu kudai. Mke wangu akamuuliza alikuwa anatafuta nini ndani ya nyumba yake. "Nyumba gani, nyanya? Hii ni barabara." "Ni nyumba. Barabara ndiyo ile unayoikataa." Akaenda zake akinung'unika.

Injinia naye akarudi. Fomu haikumleta, alikuja na mkanda wa kupimia, kwa sababu mtu alipiga ripoti kwamba kuna vizuizi. Alipima kutoka katikati ya lami mpaka kwa ua wangu mpya, akaandika, akaniambia bila hata kunitazama kwamba hiyo yote ni ardhi ya barabara, na hata ile miti haikuwa yangu. Miti ya babu yangu! Iliyopandwa wakati barabara ilikuwa njia ya mbuzi! Nikamuuliza, kama ardhi ilikuwa ya barabara miaka hii yote, kwa nini mke wangu alipoomba mahali pa baiskeli ulimpa fomu? Akafunga mkanda wake. Akasema vigogo viondolewe kwa siku saba. Hakurudi, na vigogo viko.

Asubuhi mke wangu alipopanda tena baiskeli nilisimama langoni. Mguu ule wenye chuma ulikataa kidogo kuzungusha pedeli, halafu ukakubali. Alienda polepole ndani ya ukanda, kati ya vigogo na ua, mikebe ikigongana nyuma yake, na alikuwa akitabasamu kama msichana yule wa mteremko wa Manyatta. Hatua mia moja na arobaini hivi. Halafu ukanda ukaisha kwa ua wa jirani, akashuka, akashikilia baiskeli, akangoja. Pikapu tatu zikapita. Akajaribu kuipandisha kwenye lami, ya nne ikapiga honi, akarudi nyuma. Nilimwona mgongo ukiinama. Aliisukuma mpaka nyumbani, akamwaga maziwa kwa sufuria ya ndama, na sanduku likatoka tena chini ya kitanda.

"Njia ya hatua mia si njia," akasema. "Umenijengea baraza la kuanikia nguo. Asante, lakini nitaenda."

Hapo ndipo hasira yangu iligeuka upande. Nilikuwa nimekata mbaine ishirini na tatu. Nilikuwa nimechekwa. Nilikuwa nimeambiwa hata miti haikuwa yangu. Na huyu jirani amekaa nyuma ya ua wake na mstari wake mzima, akinyonya miraa, na mke wangu anafunga nguo?

Nilienda kwa gichiaro siku hiyo hiyo, nikamkuta amelala juani. Alikubali, lakini alishindwa kupanda pikipiki. Alisema ile ya kwanza ilimtoa nyongo. Tukashuka na gari la mizigo la mtu mpaka karibu na kanisa, na kutoka hapo miguu yake ikakataa. Nikaja nyumbani, nikachukua baiskeli ya mke wangu bila kuomba, nikamketisha mzee kwa keria mahali pa mikebe, nikamfunga kiunoni na ule mpira wa tairi, nikaanza kusukuma. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Mimi sijui kuendesha baiskeli, sijawahi kujua, na ninaliandika hili kwa mara ya kwanza.

Nilisukuma juu ya lami. Hapakuwa na mahali pengine. Ndipo nikajua ule upepo. Gari ya kwanza ilipopita nguo zangu zilivutwa, na mzee akanishika kola akasema, "Gichiaro, ni ng'ombe gani huyo?" Ya pili ilipiga honi nyuma ya shingo yangu mpaka meno yakauma. Mwili wangu wote ulitaka kuruka mtaroni. Nilitazama ule ukingo, kiganja kizima kwenda chini, na nikaona mahali mke wangu alipoangukia.

Sikutoka. Niliingia katikati ya lami, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikatembea mwendo wa mzee aliyefungwa kwa keria. Nyuma yangu pikapu zikajipanga. Sikugeuka, lakini nilizisikia, tatu, tano, sita. Ile ya buluu ilikuja mpaka ikanigusa kisigino, dereva akatoa kichwa.

"Mzee! Miraa inakauka! Hata yako iko humu!"

"Ikauke!"

"Toka njiani, umekuwa wazimu?"

Gichiaro akageuka polepole juu ya keria, akamwelekezea fimbo. "Kijana, wewe ni wa ukoo gani?" Dereva akataja ukoo wake. Ni wa kwetu. Mzee akasema, "Basi zima hiyo honi," na honi ikazimwa. Wale wengine nyuma, kuna mmoja alikuwa Mmbeere wa Gachoka, si Mmeru, ambaye haogopi gichiaro wa mtu, aliendelea kupiga mpaka mwisho, lakini hakuwa na pa kupitia.

Tulifika kwa jirani na msafara kama wa rais. Mke wake akasema mumewe ameenda Meru mjini kwa daktari wa meno. Alisema hivyo huku akitazama juu, na mimi nikatazama juu pia. Alikuwa ndani ya mti wake mkubwa wa miraa, mstari wa kwanza, amekumbatia tawi, kofia kichwani.

"Shuka," nikamwambia.

"Sipo."

"Gichiaro ameketi chini yako."

Jani moja likaanguka. Mzee alikuwa bado amefungwa kwa keria, hakuweza hata kushuka, akainua uso akasema kwa upole kabisa, "Gichiaro, nina neno dogo."

Alishuka. Alikata kwa siku mbili, na mashina akayaacha urefu wa goti, kama yangu, na mpango wake kimoyomoyo kama wangu. Kutoka hapo mpaka kituo cha maziwa bado kuna mashamba tisa, na wawili kati ya hao wenye mashamba si wa ukoo wetu, ni watu walionunua, na sijui wanamwogopa nani. Nimeanza kuuliza. Sanduku liko kando ya kitanda. Halijarudi chini na halijafungwa.